"Mmea Huu Unaua Seli za Saratani": Maabara Walipima Nini Hasa?

Ujumbe huu haufi. Kila baada ya muda unarudi kwenye makundi ya WhatsApp na picha mpya: mstafeli unaua saratani mara 10,000 kuliko kemotherapi, na kampuni za dawa zinaficha siri hiyo. Anayeutuma mara nyingi ana ndugu yake wodini na hana nia mbaya. Namba yenyewe pia haikuzuliwa. Ilitoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1996 na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Walitenga viambata vitano kutoka kwenye mbegu za stafeli, wala si majani, wakavijaribu kwenye seli za saratani, zikiwemo za utumbo mpana ziitwazo HT-29. Kwenye seli hizo za HT-29, kiambata kimojawapo kilionyesha nguvu mara 10,000 ya doksorubisini, dawa ya kemotherapi. Hakukuwa na mgonjwa katika jaribio hilo, wala panya. Kulikuwa na seli ndani ya plastiki tu.

Kwa hiyo sentensi "mmea huu unaua seli za saratani" inaweza kuwa kweli tupu, na bado isimfae mgonjwa hata kidogo. Ili kuona kwa nini, inabidi kufuata safari ya jani tangu linapochumwa hadi namba inapoandikwa kwenye ripoti. Nitatumia alkaloidi, kwa kuwa ndilo kundi la kemikali za mimea lililokwisha kutupa dawa za saratani zinazotumika hospitalini kila siku.

Alkaloidi ni nini, na si nini

Alkaloidi ni kemikali zinazotengenezwa hasa na mimea, zenye atomu ya naitrojeni katika umbo lake, na nyingi zina tabia ya besi: zikikutana na asidi hugeuka chumvi. Kafeini ya kahawa ni alkaloidi. Ndivyo ilivyo nikotini ya tumbaku, kwinini ya magome ya mkwinini, kathinoni ya miraa na mofini ya afyuni. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hakuna hata moja inayopita mwilini kimyakimya. Kiasi kidogo tu hugusa neva, moyo au usingizi, na sababu inayozifanya ziwe dawa ndiyo hiyohiyo inayozifanya ziwe sumu.

Watu wengi hudhani kitu kikiwa kichungu basi kina alkaloidi. Si lazima. Uchungu wa mwarobaini unatokana na limonoidi, na wa shubiri unatokana zaidi na aloini. Zote hizo hazina naitrojeni. Hata kile kiambata cha stafeli kilichozua namba 10,000 si alkaloidi, ni asetojenini. Na ndugu yake wa karibu, anonasini, ambayo imo kwenye tunda na majani ya mstafeli, huzuia mitambo ya nishati ndani ya seli, zikiwemo seli za ubongo. Kisiwani Guadeloupe madaktari waliona aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu waliozoea kula matunda na kunywa chai ya majani ya jamii hiyo ya mimea, na anonasini ndiyo inayoshukiwa.

Neno jingine la kushika ni dondoo. Hiki ni kile kinachobaki baada ya kuloweka mmea kwenye kiyeyushi, kuchuja na kukausha. Dondoo ni mchanganyiko. Ndani yake mna mamia ya kemikali, pamoja na sukari na rangi ya kijani ya majani. Kiambata ni kemikali moja iliyotengwa peke yake. Habari nyingi za magazetini husema "mmea" pale ambapo maabara ilipima dondoo, au "dondoo" pale ilipopima kiambata, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Vinka, na hesabu ya kikombe cha chai

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa vinka, mmea wenye asili ya Madagaska, jina lake la kisayansi *Catharanthus roseus*. Ni lile ua la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano, linalopandwa mbele ya nyumba kwa sababu halijali mchanga wala jua kali. Nchini Jamaika watu walichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa Kanada, yakaishia kwa Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ambaye baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na mwanakemia Charles Beer. Panya walipopewa dondoo kwa mdomo, sukari haikushuka. Walipodungwa, walikufa kwa maambukizi, na walipopimwa damu, chembe nyeupe zilikuwa zimeporomoka. Swali likabadilika: kitu kinachofuta chembe nyeupe kitafanya nini kwenye saratani ya damu, ambako chembe hizo zimezidi? Mwaka 1958 alkaloidi ya vinblastini ikatangazwa. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea huohuo, ikatoa na vinkristini. Dawa hizo ziliidhinishwa Marekani mwaka 1961 na 1963. Wanaosema kampuni huficha dawa za mimea wanasahau kwamba hizi mbili kampuni ilizitafuta, ikazisajili na kuziuza.

Zinafanyaje kazi? Seli inapojigawa hunakili kromosomu zake, kisha huzitenganisha kwa nyuzi zilizojengwa kwa protini ya tubulini. Ni kama timu mbili za kuvuta kamba, ila hapa kila timu inapaswa kuondoka na nusu yake. Vinblastini na vinkristini huishika tubulini isijipange kuwa nyuzi. Kamba haipo, kromosomu zinakwama katikati, na seli nyingi zilizokwama hivyo hufa. Madhara ya dawa yanatoka hapohapo: seli za uboho na za mizizi ya nywele nazo hujigawa haraka, na neva ndefu za mikono na miguu hutegemea nyuzi hizohizo kusafirisha vitu. Ndiyo maana anayetumia vinkristini hupata ganzi vidoleni na kufunga choo. Ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, huua. Hii ndiyo "ya asili haina madhara" mnayoisikia.

Sasa hesabu. Inahitajika karibu kilo 500 za majani makavu kupata gramu 1 ya vinblastini, yaani kama miligramu 2 kwa kila kilo. Katika mseto mmoja wa dawa za Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, mtu mzima wa kawaida hupata takriban miligramu 10 kwenye mshipa kila wiki mbili. Chai ya gramu 10 za majani ina miligramu 0.02 hivi. Hata tukisema kiwandani nusu kubwa ilipotea na kuzidisha mara kumi, bado tunapata 0.2, na dawa hii ikimezwa hufyonzwa vibaya na kwa kiwango kisichotabirika. Kwa upande mwingine, jani hilo lina alkaloidi zaidi ya mia moja, nyingine za kushusha shinikizo la damu, na zote hizo unazinywa. Chai ya vinka basi inakupa dawa kidogo mno isiyotibu, na sumu za kutosha kukuumiza.

Kutoka jani hadi alkaloidi

Kazi huanza kwa kitu ambacho wengi hukiruka: kuthibitisha mmea ni upi. Sampuli yenye jani, ua au tunda hukaushwa, hubandikwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria yenye namba, kama ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kienyeji halitoshi, kwa sababu jina moja huweza kubeba mimea mitatu katika wilaya mbili. Ripoti isiyotaja namba ya sampuli haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Majani hukaushwa kivulini, au kwenye tanuri lisilozidi nyuzi 40 hivi, kisha husagwa. Jua kali huharibu baadhi ya viambata, na unyevu huleta ukungu ambao una sumu zake. Unga huoshwa kwanza kwa heksani kuondoa mafuta na nta, halafu huloweshwa kwenye methanoli kwa saa 24 hadi 72, mara tatu, kila mara kwa methanoli mpya. Methanoli huondolewa kwa mashine ya mvuke yenye shinikizo la chini, maji yake yakiwa kama nyuzi 40.

Kinachofuata ndiyo hila inayozitenga alkaloidi na vingine vyote. Dondoo huyeyushwa kwenye asidi hafifu, tuseme haidrokloriki ya asilimia 2. Alkaloidi zinageuka chumvi na kuingia majini. Mafuta na rangi ya kijani vinabaki kama utomvu unaochujwa. Kisha amonia huongezwa polepole hadi pH, kipimo cha uasidi na ubesi, ifike 9 au 10. Alkaloidi zinarudi kuwa besi, maji hayazitaki tena, na ukitikisa na klorofomu zinahamia huko. Rudia mara tatu, kausha klorofomu kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, pukutisha, na chini ya chupa kutabaki utando wa kahawia. Hizo ndizo alkaloidi ghafi.

Mambo huharibika hapa kwa njia kadhaa. Ukitikisa kwa nguvu, maji na klorofomu hutengeneza povu zito kama tui na hazitengani hadi kesho. Afadhali kupindua chupa taratibu. Ukitumia besi kali badala ya amonia, alkaloidi zenye viungo vya esta huvunjika, na unachokipima baadaye hakikuwemo kwenye jani. Alkaloidi za aina ya berberini, ambazo zina chaji ya kudumu, hazihamii kwenye klorofomu hata kidogo. Anayemwaga maji kwenye sinki anazimwaga na zenyewe. Na klorofomu ikibaki kidogo kwenye dondoo, itaua seli yenyewe, na mmea utapewa sifa isiyo yake.

Kuthibitisha kwamba ni alkaloidi, hudondoshewa kitendanishi cha Dragendorff, kinachotoa mashapo ya rangi ya chungwa, au cha Mayer, kinachotoa mashapo meupe ya maziwa. Hivi ni viashiria tu. Protini huweza kutoa mashapo bila kuwepo alkaloidi, na kafeini, alkaloidi maarufu kuliko zote, haitoi mashapo kwa Mayer. Ndiyo maana mtu makini hutumia vitendanishi viwili au zaidi, tena baada ya ile hatua ya asidi na besi.

Baada ya hapo ni kutenganisha kimoja kimoja kwa kromatografia. Kwenye bamba la silika, mchanganyiko wa klorofomu na methanoli, tisa kwa moja, hupandisha viambata kwa kasi tofauti. Silika ina uasidi kidogo, hivyo alkaloidi huishika na kuacha mkia mrefu badala ya doa. Matone machache ya amonia kwenye kiyeyushi hulimaliza tatizo hilo. Umbo la kila kiambata husomwa kwa spektromita ya masi, inayotoa uzito wa molekuli, na kwa mashine ya NMR, inayoonyesha atomu zipi zimekaa karibu na zipi. Hatua hii inaweza kula miezi, na mara nyingi mwisho wake ni kugundua kwamba kiambata kilishajulikana zamani.

Kwenye visima 96

Seli za saratani za maabara ni kizazi kisichokoma cha seli zilizotolewa kwa mgonjwa fulani zamani. HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951. MCF-7 ni za saratani ya titi. Hulelewa kwenye kimiminika chenye virutubisho na asilimia 10 ya majimaji ya damu ya ndama, kwa nyuzi 37 na hewa yenye asilimia 5 ya kabonidioksidi.

Kipimo kinachotumika sana huitwa MTT. Kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96 huwekwa seli 5,000 hadi 10,000 kwa kila kisima, kwenye mikrolita 100. Baada ya saa 24 zikishashika chini, dondoo huongezwa kwa viwango vinavyopungua nusu kwa nusu. Sahani hurudishwa kwenye joto kwa saa 48 au 72. Kisha inatiwa MTT, unga wa njano uliyeyushwa. Seli zilizo hai huugeuza kuwa fuwele za zambarau ndani ya saa tatu au nne. Fuwele huyeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi kinachotumika pia kuyeyushia dondoo, na mashine husoma rangi kwenye nanomita 570. Zambarau nzito maana yake seli nyingi zina uhai, na rangi hafifu maana yake zimepungua.

Visima vya kulinganisha ndivyo vinavyobeba ukweli wote. Lazima kuwe na seli zisizopewa kitu, na seli zilizopewa kiyeyushi peke yake, kwani DMSO ikizidi asilimia 0.5 hivi huanza kuzidhuru. Lazima kuwe na seli zilizopewa dawa inayojulikana. Na lazima kuwe na dondoo bila seli, kwa sababu mimea mingi ina polifenoli zinazoweza kuugeuza MTT kuwa zambarau zenyewe. Hapo seli zilizokufa zote zitasomeka kama ziko hai. Visima vya pembeni hukauka mapema kuliko vya katikati, kwa hiyo wazoefu huvijaza maji safi tu na kuviacha. Kiwango cha juu cha dondoo kikitazamwa kwa hadubini mara nyingi huonekana kimeganda na kuzama kama tope. Hicho hakikuyeyuka, na namba yake haina maana.

Seli zenyewe nazo hudanganya. Mikoplazma, bakteria wadogo wasiotibua kimiminika, huweza kukaa humo miezi na kubadilisha matokeo. HeLa ni wakali kiasi kwamba wamewahi kuvamia chupa za seli nyingine katika maabara nyingi duniani, na watafiti wakachapisha kazi juu ya seli walizodhani ni za kiungo kingine. Na tusisahau MTT hupima shughuli za seli, haipimi kifo. Seli zilizosimama bila kujigawa, kama zinavyofanya chini ya vinblastini, husomeka karibu sawa na zilizokufa.

Kusoma namba

Matokeo huandikwa kama IC50: kiwango kinachoshusha usomaji hadi nusu ya seli zisizopewa kitu. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu, na wengi husoma kinyume. Kwa vigezo vilivyotokana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, dondoo ghafi huanza kuangaliwa kwa makini ikiwa chini ya mikrogramu 20 au 30 kwa mililita, na kiambata safi kikiwa chini ya 4.

Chukua dondoo yenye IC50 ya mikrogramu 200 kwa mililita, ambayo bado utaikuta ikiitwa "yenye matumaini". Ili kufikia kiwango hicho kwenye lita 5 za damu unahitaji gramu 1 iliyofyonzwa yote, isiyoguswa na ini, isiyotoka kwenye mkojo. Ikisambaa kwenye maji yote ya mwili, takriban lita 40, ni gramu 8. Vinkristini huzuia seli nyingi kwa nanogramu chache kwa mililita, na mtu mzima hupewa kwa kawaida isiyozidi miligramu 2 kwa mara moja. Pengo hilo ni la makumi ya maelfu. Sabuni na chumvi nyingi nazo huua seli za saratani kwenye kisima, na hakuna anayeziita dawa.

Ndipo linapokuja swali ambalo ningeliweka mbele ya yote: seli nzima, yaani zisizo na saratani, je? Dondoo ileile hujaribiwa kwenye seli zisizo za saratani, mara nyingi Vero, za figo ya nyani. IC50 ya seli nzima ikigawanywa kwa ya seli za saratani hutoa kipimo cha uteuzi. Ikiwa ni 1, hiyo ni sumu kwa wote. Wengine huridhika na 3, wengine hudai 10. Ripoti isiyokuwa na namba hii, mimi huifunga.

Zaidi ya hapo kuna wanyama, kisha watu kwa awamu, ya kwanza ikitafuta tu kipimo kinachovumilika. Viambata vingi hufia njiani, kwa sumu au kwa kushindwa kuufikia uvimbe. Vilivyopita vina kazi ya kuonyesha: vinkristini bado imo kwenye tiba ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ya Burkitt, ile iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hospitali ya Mulago, Kampala. Anayeitumia asichanganye na dawa za miti shamba bila kumwambia daktari. Ini huivunja kwa vimeng'enya ambavyo mimea kadhaa huweza kuvizuia, na hapo kipimo cha kawaida hugeuka kuwa kikubwa mno.

Kuna mti mdogo wa Shimba Hills, Kwale, *Maytenus buchananii*. Kiambata cha jamii hiyo ya mimea, maitansini, kilitangazwa mwaka 1972. Kina naitrojeni, ingawa wanakemia wengi hawakiweki kwenye alkaloidi za kawaida, nacho huigusa tubulini ileile. Kwenye visima kilikuwa kikali kupita kiasi, na katika miaka ya 1970 zilikusanywa tani zipatazo 27 za mmea huo kwa ajili ya majaribio ya Wamarekani. Kwa wagonjwa kilishindwa: sumu ilitangulia faida. Miongo kadhaa baadaye molekuli ya ukoo wake ilifungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani ya titi zenye HER2, protini iliyo juu ya seli hizo, ili sumu ifunguke ndani ya seli hizo badala ya kuzagaa mwilini. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2013. Malighafi yake siku hizi haitoki Kwale. Hutengenezwa na bakteria ndani ya matangi ya kuchachushia.